MRI ya figo: mwongozo kamili wa kujiandaa ili picha zitoke safi na majibu yasomeke

Mgonjwa ameandikiwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Amesafiri kutoka mkoani, amelipia, amelala ndani ya mashine karibu saa nzima. Baada ya siku chache anapewa karatasi yenye sentensi inayouma: picha zimeathiriwa na kupumua, kipimo kirudiwe. Mwingine hafiki hata kwenye mashine. Anarudishwa mapokezi kwa sababu hana jibu la kreatini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja), au kwa sababu alisahau kusema kwamba ana chuma mwilini.

Mara nyingi mashine haina kosa. Kinachokosekana ni maandalizi, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo mgonjwa na anayemsindikiza wanaweza kuyafanya nyumbani. Mwongozo huu ni kwa mtu mzima aliyeandikiwa MRI ya figo. Daktari wako akikupa maelekezo tofauti kwa sababu ya hali yako, mfuate yeye.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kipimo

- Barua ya daktari yenye swali linalotakiwa kujibiwa, si neno "MRI ya figo" peke yake.
- Jibu la kreatini la karibuni, lenye tarehe na kizio chake.
- Jibu la mkojo, hasa protini, ikiwemo ile iitwayo albumini.
- Picha za zamani: ultrasaundi, CT skani au MRI ya awali, pamoja na ripoti zake.
- Orodha ya dawa zote, zikiwemo za kienyeji na za maumivu ulizonunua duka la dawa bila cheti.
- Kadi au karatasi ya kifaa chochote kilichowekwa mwilini: betri ya moyo, vyuma vya mifupa, klipu za upasuaji.
- Kibali cha bima, kama unatumia bima. Kiombe mapema, kwa kuwa MRI ni kati ya vipimo ambavyo bima nyingi hutaka vipewe idhini kwanza.
- Nguo nyepesi zisizo na zipu wala vifungo vya chuma.
- Mtu wa kukusindikiza.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Hii ni ya mazoezi ya nyumbani. Siku ya kipimo itabaki nje.

## Hatua ya 1: Jua MRI yako inatafuta nini

Muulize daktari swali moja: "Jibu la kipimo hiki litabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Akikujibu, utajua pia ni MRI ya aina gani.

Iko MRI ya umbo: ukubwa wa figo, uvimbe, vifuko vya maji, makovu. Iko ya njia ya mkojo, kuona kama mkojo umezibwa mahali. Iko ya mishipa ya damu inayoingia kwenye figo, hasa kwa mwenye presha isiyoshuka kwa dawa au mtu anayejitolea kutoa figo. Ya nne ndiyo inayochanganya watu wengi: MRI ya utendaji.

Hii ya utendaji haiishii kwenye sura ya figo, inaangalia kazi yake. Figo mbili hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na mashine inaweza kufuatilia damu hiyo kwa njia kadhaa. Njia iitwayo ASL hutumia maji yaliyomo kwenye damu yenyewe kama alama, bila kuchoma dawa yoyote, na kupima ni damu kiasi gani inafika kwenye figo. BOLD hukadiria hali ya oksijeni ndani ya figo. Sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo hata kwa mtu mwenye afya, kwa hiyo ni rahisi kuumia. DWI hupima jinsi maji yanavyosogea ndani ya nyama ya figo, na figo yenye makovu huwa inaubana mwendo huo. Kisha iko njia ya kuchoma gadolini, dawa ya kung'arisha picha, na kupiga picha mfululizo wakati inapita. Hiyo ndiyo inayoweza kueleza figo ya kulia inafanya kazi kiasi gani na ya kushoto kiasi gani.

Tahadhari. ASL na BOLD bado zinatumika zaidi kwenye utafiti kuliko kliniki za kila siku. Sioni sababu ya mtu kuuza mbuzi alipie picha ambazo daktari wake hana namna ya kuzitumia. Kama swali ni mgawanyo wa kazi kati ya figo mbili, uliza pia kuhusu kipimo cha nyuklia cha DTPA, ambapo unachomwa dawa yenye mionzi kidogo na kamera inaifuatilia ikipita kwenye figo. Kama swali ni "figo zangu zinafanya kazi?" basi kreatini na albumini ya mkojo hujibu kwa bei nafuu zaidi, na MRI haichukui nafasi yake.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza ndugu yako kwa sentensi moja kwa nini unakwenda kupimwa.

## Hatua ya 2: Pima kreatini, na ipimwe vizuri

Chumba cha MRI kinataka kreatini kwa sababu kutokana nayo, pamoja na umri na jinsia, hukokotolewa eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu. Namba hiyo ndiyo inayosaidia kuamua kama utachomwa dawa ya gadolini, na ni aina gani.

Ngazi zake ni hizi: 90 na zaidi ni kiwango cha kawaida, 60 hadi 89 kimeshuka kidogo, 30 hadi 59 kimeshuka kwa wastani, 15 hadi 29 kimeshuka sana, chini ya 15 figo zimeshindwa. Ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa kipimo kimoja. Ni lazima hitilafu idumu angalau miezi 3.

Usile nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo cha damu, wala asubuhi yake. Nyama iliyopikwa ina kreatini yake, nayo hupandisha jibu kwa saa kadhaa. Sahani kubwa ya nyama choma jioni inaweza kukufanya uonekane mgonjwa zaidi ya ulivyo.

Angalia kizio. Maabara moja huandika mg/dL, nyingine µmol/L. Jibu la 1.2 mg/dL ni sawa na takriban 106 µmol/L, kwa kuwa mg/dL moja ni 88.4 µmol/L. Watu wameshtuka bure kwa kulinganisha 1.2 ya mwaka jana na 106 ya mwaka huu.

Tahadhari. Kama unaumwa sasa hivi, unaharisha, unatapika, una malaria kali au mkojo umepungua ghafla, eGFR haiaminiki, kwa sababu kreatini bado inapanda na haijatulia. Vivyo hivyo kwa aliyekonda sana au aliyekatwa mguu: misuli ni michache, kreatini hushuka, na figo mbovu inaonekana nzuri. Mwambie daktari, kipo kipimo kingine cha damu, sistatini C, kisichotegemea sana misuli, kinachoweza kusaidia pale kinapopatikana.

## Hatua ya 3: Kagua chuma, kuanzia utosini hadi unyayoni

Sumaku ya mashine nyingi za hospitali ni tesla 1.5 au 3 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku). Ile ya 1.5 ina nguvu karibu mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi mgonjwa anapotoka. Inavuta usiku na mchana.

Nyumbani vua cheni, vikuku, hereni, kishaufu, saa, hirizi yenye chuma, na shanga za kiunoni kama zimetungwa kwa waya. Wigi na nywele za kushonea huwa na vibanio vidogo. Pini za hijabu huanguka na kusahaulika ndani ya nguo. Sidiria yenye waya iache nyumbani. Vipodozi vya macho vinaweza kuwa na madini ya chuma, kwa hiyo nenda na uso mtupu.

Kisha vya ndani ya mwili. Betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha masikio kilichopandikizwa, risasi au kipande cha bomu: sema kabla ya kupangiwa tarehe. Baadhi ya vifaa hivi vinaruhusiwa kwa masharti, vingine haviruhusiwi kabisa, na anayeamua huhitaji jina na namba ya kifaa. Vyuma vya mifupa vya titani kwa kawaida havizuii kipimo. Lupu ya uzazi wa mpango kwa kawaida pia haizuii, lakini itaje.

Kuna kundi moja husahaulika: mafundi wa kuchomelea na wanaokata vyuma kwa grainda. Cheche iliyoingia jichoni miaka mingi iliyopita inaweza kuwa imeacha punje ya chuma isiyouma wala kuonekana. Ndani ya sumaku punje hiyo inaweza kusogea na kuharibu jicho. Kama umewahi kufanya kazi hiyo na chuma kikakuingia jichoni, hata kama kilitolewa, sema. Utapigwa eksirei ya macho kwanza.

Wenye ugonjwa wa figo mara nyingi huchomwa madini ya chuma ya kuongeza damu. Hayo hayavutwi na sumaku kwa namna ya kukuumiza, ila baadhi yake hubadilisha rangi ya picha, hasa zile za BOLD. Mwenye selimundu naye anaweza kuwa na chuma kilichojikusanya kwenye figo kutokana na kuvunjika kwa chembe za damu, na ganda la figo, yaani sehemu yake ya nje, likatoka jeusi pichani. Msomaji wa picha akijua historia hiyo hatapotea.

Utajua umefanikiwa ukijaza fomu ya usalama bila kuruka swali hata moja.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi ya pumzi

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Figo zimekaa chini ya kiwambo cha pumzi. Ukivuta hewa zinashuka, ukitoa zinapanda, na mwendo huo unaweza kufika sentimita 2 au zaidi. Mashine inayotafuta tofauti ya milimita haiwezi kufanya kazi kwenye kitu kinachopanda na kushuka hivyo.

Ndiyo maana mtaalamu atakuomba uzuie pumzi, mara nyingi kwa sekunde 15 hadi 20, tena na tena. Vituo vingi huomba uzuie baada ya kutoa hewa. Ukivuta, leo utavuta nyingi, mara ijayo kidogo, na figo zitasimama mahali tofauti kila mara. Ukitoa hewa kwa utulivu, kiwambo hurudi karibu palepale. Ni vigumu zaidi kuliko kuzuia ukiwa umejaza kifua, ndiyo sababu kunahitaji mazoezi.

Fanya hivi kila siku, kwa siku tano au saba kabla ya kipimo:

1. Lala chali kitandani, mto mmoja. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu.
2. Msindikizaji akae pembeni na simu, atoe amri kwa sauti ile ile kila mara: "Mama, vuta pumzi. Toa. Vuta tena. Toa. Zuia hapo hapo."
3. Anapotamka "zuia", kiganja kisisogee. Ahesabu sekunde 10.
4. "Pumua." Pumzika kwa nusu dakika, urudie.
5. Ukizoea sekunde 10, panda hadi 15, kisha 20.

Angalia kiganja, usiangalie mdomo. Wengi hufunga mdomo wakaamini wamezuia, huku tumbo likiendelea kucheza taratibu. Wengine wakisikia "zuia" huiba hewa kidogo kwanza, figo zikashuka, na picha ikaharibika mwanzoni tu. Kosa jingine ni kukakamaa: mabega yanapanda, shingo inabana, na sekunde nane baadaye mtu anatetemeka. Legeza taya na mabega kabla ya kutoa hewa.

Kama mzee wako hasikii vizuri au haelewi Kiswahili, mfundishe amri hizo kwa lugha yake nyumbani, na mwambie mtaalamu kabla hajaingia. Wanaweza kukubaliana ishara ya kumgusa mguu.

Tahadhari. Mtu ambaye miguu imevimba na pumzi inakata akilala chali asilazimishwe mazoezi haya. Hiyo ni dalili ya maji kujaa mwilini, na daktari anatakiwa kuijua leo, bila kusubiri siku ya MRI. Huenda akahitaji dawa ya kupunguza maji au kusafishwa damu kwanza.

Utajua umefanikiwa ukizuia mara tano mfululizo kwa sekunde 15 bila kiganja kusogea. Ukishindwa kabisa, sema bila aibu. Mashine nyingi zinaweza kufuata mwendo wa pumzi yako na kupiga picha ukiwa unapumua kawaida. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini picha zitapatikana.

## Hatua ya 5: Chakula, maji na dawa

Vituo vingi huomba usile kwa saa 4 hadi 6, ili utumbo utulie na tumbo lisiwe zito. Mwenye kisukari anayetumia insulini aombe miadi ya asubuhi na aulize dozi yake ifanyweje, maana kufunga huku umechoma insulini kunaweza kushusha sukari kwa hatari.

Maji ni suala la pekee kwa MRI ya utendaji. Ukinywa lita nzima nusu saa kabla, oksijeni na mtiririko ndani ya figo hubadilika, na kilichopimwa ni yale maji. Kunywa kama kawaida siku iliyotangulia, kisha fuata kituo kinavyosema. Kojoa kabla ya kuingia.

Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwenye figo dhaifu hatakiwi kuzitumia hovyo hata bila MRI. Furosemidi, dawa ya kukojoza, hubadilisha picha za BOLD, kwa hiyo andika saa uliyoinywa. Metformini, dawa ya kisukari, haina haja ya kusimamishwa kwa sababu ya gadolini. Tahadhari inayosikika sana ni ya dawa ya CT skani yenye ayodini.

## Hatua ya 6: Gadolini, bila hofu na bila uzembe

Si kila MRI ya figo inahitaji dawa hii. Ukubwa, vifuko vya maji, ASL, BOLD na DWI vyote hupatikana bila sindano. Ikihitajika, kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo jua uzito wako wa kweli.

Hofu ina chanzo. Mwaka 2006 madaktari walihusisha baadhi ya dawa za gadolini na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa, kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimeharibika vibaya. Dawa zilizohusika zaidi ni gadodiamidi, gadopentetati na gadoversetamidi. Zile zinazoifunga gadolini kwa nguvu zaidi, kama gadobutroli, gadoterati na gadoteridoli, hatari yake ni ndogo mno hata kwa wenye eGFR chini ya 30.

Kwa hiyo uliza jina lililoandikwa kwenye kichupa. Una haki ya kuuliza, na mtaalamu mzuri atakuonyesha.

Sema kama una mimba au unahisi unayo, au kama dawa hii iliwahi kukuletea vipele au kubanwa kifua. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Anayesafishwa damu apange kipimo kitangulie dayalisisi siku hiyo hiyo ikiwezekana. Na hili lisimamie mwenyewe: mkono wenye fistula ya dayalisisi (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu) usichomwe kanula, yaani mrija wa sindano, usifungwe mpira, usipimwe presha. Chumba kina haraka, taa ni hafifu, na mkono ule ndio wenye mishipa mikubwa inayomvutia kila anayeshika sindano. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono huo tangu nyumbani, na useme kwa sauti. Hata asiye na fistula bado, lakini figo zinashuka, aombe kanula iwekwe nyuma ya kiganja, ili mishipa ya mkono ibaki salama kwa siku zijazo.

## Hatua ya 7: Ndani ya mashine

Utavaa gauni la hospitali, utawekewa kifaa bapa cha kupokea mawimbi juu ya tumbo, vizibo vya masikio, na kitufe cha kuita mkononi. Kijaribu kitufe kabla ya kuingizwa. Hakuna mionzi ya eksirei hapa, ila mashine hugonga kwa kelele kubwa, hubadilisha mdundo, hunyamaza, kisha huanza tena. Ukimya haumaanishi kipimo kimeisha, usiinuke.

Mwenye kuogopa sehemu finyu afunge macho kabla ya kitanda kusogea, na aulize kama anaweza kuingia kwa miguu kwanza. Dawa ya usingizi ifikiriwe mwisho, kwa sababu aliyesinzia hawezi kufuata amri za pumzi.

Ukihisi joto kali sehemu moja ya mwili au mkono wa kanula unauma na kuvimba, bonyeza kitufe papo hapo.

Kabla hujashuka kitandani, uliza: "Pumzi zangu zilitosha?" Picha iliyotikisika hurudiwa kwa dakika chache ukiwa bado umelala. Ukishavaa viatu, ni miadi mipya.

## Hatua ya 8: Baada ya kipimo

Kama ulichomwa gadolini, kaa kituoni nusu saa. Kwa figo nzima, nusu ya dawa hutoka ndani ya takriban saa 2. Kwa figo dhaifu sana huweza kuzidi siku nzima. Mwenye masharti ya kupunguza maji asinywe ndoo akidhani anasafisha dawa.

Omba picha kwenye diski, pamoja na ripoti. Karatasi peke yake haitoshi kulinganisha baadaye.

## Hatua ya 9: Kusoma ripoti pamoja na daktari

Urefu wa figo ya mtu mzima kwa kawaida ni kati ya sentimita 9 na 12. Figo fupi zenye ganda jembamba huashiria ugonjwa wa muda mrefu. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto inahitaji maelezo, hasa kwa mwenye presha ngumu.

Kwa ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji, ujazo una uzito mkubwa, kwa kuwa figo huvimba miaka mingi kabla kreatini haijapanda. Kama ripoti imetoa vipimo vitatu tu, unaweza kukadiria: zidisha urefu kwa upana kwa kina, kisha zidisha kwa 0.52. Figo ya sentimita 11 kwa 6 kwa 5 ina takriban mililita 170. Yenye 18 kwa 9 kwa 8 inakaribia 675. Jumlisha figo zote mbili, gawanya kwa urefu wa mwili wako kwa mita, na daktari ataitumia namba hiyo pamoja na umri wako kukadiria kasi ya ugonjwa.

Namba za BOLD na DWI usizilinganishe na za jirani aliyepimwa hospitali nyingine. Hutofautiana kati ya mashine na mashine. Ukitakiwa kurudia, omba iwe mashine ile ile, pumzi ya kutoa kama mwanzo, maji na dawa kwa ratiba ile ile, na upeleke diski ya kwanza mkononi.